Kipya kinyemi: kompyuta ya bei nafuu katika nyumba ya mwanafunzi wa lugha

Kila mwaka wa masomo unapoanza, swali ni lilelile katika baraza za kitivo chetu: «Niko na dola 200, ninunue kompyuta gani?» Na jibu la wengi ni lilelile pia: nunua mpya, ile ambayo bado iko katika karatoni yake, usije ukanunua matatizo ya watu. Jibu hilo nalipinga. Wahenga walikwisha kutuonya: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Maoni yangu ni kwamba nyumba yenye pesa kidogo inafaidika zaidi na mashine ya ofisi iliyokwisha kutumika, iliyoundwa ili idumu na inayofunguka kwa bisibisi, kuliko mashine mpya iliyozaliwa dhaifu.

Msomaji ataniuliza: hayo yanahusu nini jarida la lugha? Yanahusu sana. Wenzetu wengi hawana kompyuta nyumbani, kwa hiyo kazi zao wanaziandika kwa mkono, kisha wanazipeleka kwa mchapaji wa mtaani, anayelipwa kwa ukurasa. Mchapaji huyo ni mtu wa haraka na hana kosa. Kibodi yake ni ya Kifaransa, naye hakufundishwa fonolojia. Ukimpa maneno matatu ya Kilingala, yaani moto (mtu), motó (kichwa) na mɔ́tɔ (moto wa kuchoma), atakurudishia moto, moto, moto. Sura nzima ya toni inakufa pale, kwa bei uliyolipa mwenyewe. Kisha siku ya kutetea kazi, profesa anakuuliza tofauti iko wapi, nawe unaanza kuchora alama kwa kalamu juu ya karatasi iliyokwisha kujalidiwa. Mtu anayesomea lugha za Afrika bila kuwa na chombo chake cha kuziandikia amewaachia wengine wamwandikie. Ndiyo maana uchaguzi wa kompyuta kwetu si jambo la anasa.

Basi tuzitazame hizo mashine mpya za bei ya chini. Mara nyingi karatasi iliyobandikwa juu yake inasema: RAM GB 4, hifadhi GB 64, prosesa ya Celeron. Namba hizo zinasomeka vizuri mpaka uzilinganishe na masharti ya Microsoft yenyewe kwa Windows 11: RAM isipungue GB 4, hifadhi isipungue GB 64. Maana yake ni kwamba mashine hiyo inaanza maisha yake pale pale kwenye kiwango cha chini kabisa. Hatua moja chini yake, haikubaliki. Windows ikishakaa ndani na kuanza kujisasisha, nafasi inayobaki kwa faili zako ni ndogo. Ukifungua kivinjari chenye kurasa tano pamoja na kazi yako ya kuandika, RAM imekwisha na kila kitu kinajikokota. Na ubaya mkubwa uko ndani: katika nyingi za mashine hizo, RAM na hifadhi zimechomelewa moja kwa moja juu ya bodi kuu. Huwezi kuongeza, huwezi kubadilisha. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho.

Sasa tutazame upande wa pili. Makampuni na maofisi ya Ulaya, ya Marekani na ya nchi za Ghuba hubadilisha kompyuta zao baada ya miaka michache, hata kama bado ni nzima. Zile zinazoachwa huuzwa kwa jumla, na baadhi yake huishia katika maduka ya kwetu Lubumbashi. Nazungumzia mashine za jamii ya ThinkPad, Latitude au EliteBook. Chukua mfano wa ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Ina nafasi mbili za RAM, diski yake inatoka kwa kufungua parafujo chache, na ina betri mbili: moja ndani, nyingine nje, unayoweza kuivua kwa vidole bila kumwita fundi. Si lazima ununue hiyo hiyo. Naitaja kwa sababu inaonyesha ninachokitafuta: mashine ambayo kila kipande chake kinachochoka kinaweza kupata mrithi. RAM ya GB 8, SSD ya GB 256, skrini ya 1920 kwa 1080 ili macho yasiumie unapopitia kitabu cha sarufi kilichopigwa picha; hivyo vinatosha kwa kazi za nyumba na za kitivo. Kama bei inakulazimisha kuchagua kimoja, chagua SSD kabla ya prosesa ya kisasa. Diski ya zamani inazunguka ndani kama sahani, na mtikisiko wa njia zetu unaiumiza. SSD haina kinachozunguka.

Jambo la pili ni umeme, na hapa ndipo ushauri unaotoka nchi za mbali unapotupotosha. Kule wanaanza na kasi. Sisi inatupasa tuanze na saa ambazo taa hazipo. Kompyuta mpakato ya aina hii, ukiandika tu na skrini ikiwa imefifishwa, hutumia kama wati 10. Betri ya wati-saa 48 ikiwa nzima itakupa basi saa nne na zaidi. Kompyuta ya mezani na skrini yake hutumia mara kadhaa ya hapo, na umeme ukikatika inazima na sentensi yako ya mwisho. Kwa nyumba zetu, hoja hiyo peke yake inatosha kuchagua mpakato. Na ukiweza, chagua ile inayokubali chaja ya USB-C. Chaja yake ikifa, ni rahisi zaidi kuazima ya jirani kuliko kutafuta mji mzima ile yenye ncha ya pekee.

Najua pingamizi la kwanza: betri ya mashine iliyotumika imechoka. Ni kweli mara nyingi. Lakini uchovu huo unapimika kabla ya kutoa pesa. Fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, na mashine itakuandikia ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotengenezwa, na uwezo wake leo. Kama ya pili ni nusu ya ya kwanza, unajua saa zako ni nusu, nawe unapunguza bei au unadai betri nyingine. Muuzaji anayekataa usiandike amri hiyo amekwisha kukujibu.

Pingamizi la pili: mashine za mtumba zina siri. Hilo nalo nalikubali, na ndiyo sababu nasema usinunue dukani wakati hakuna umeme, wala usinunue kwa dakika tano. Kaa na mashine nusu saa. Izime, iwashe tena, uingie katika mipangilio ya mwanzo kabla ya Windows. Ikiomba neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache, huenda ni mali ya shirika au ya mtu aliyeibiwa. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Chomeka flashi katika kila tundu. Rekodi sauti yako, usikilize. Vuta skrini mbele na nyuma uone kama inapepesa. Andika kwenye risiti namba ya mashine na siku mlizokubaliana za kuirudisha. Mashine mpya ina garanti, ndiyo, lakini tujiulize garanti hiyo inadaiwa wapi. Kama anayeitoa yuko nje ya nchi, karatasi hiyo haina miguu ya kumfikia. Fundi wa mtaani aliye na vipuri ndiye garanti yetu ya kweli, naye anazijua mashine zinazofunguka.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi: Windows. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa njia ya kawaida, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai, kwa jumla, prosesa ya kizazi cha nane au cha baadaye. Kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa wa mashine una maana. Kwa Core i5, angalia namba inayofuata: i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-6300U ni cha sita. Muuzaji anayekuambia tu «ni i5» hajakuambia kitu. Ukipata ya kizazi cha sita kwa bei ndogo sana, bado inaweza kuishi vizuri na Linux, mradi uwe na rafiki wa kukuongoza wiki za kwanza. LibreOffice inafanya kazi humo, na Praat na ELAN pia.

Nimezitaja programu hizo kwa makusudi. Praat ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ELAN ya Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, FLEx na Keyman za SIL: zote ni za bure, na hakuna hata moja inayodai mashine ya dola elfu moja. Simu inarekodi vizuri, siikatai, na kusoma inasomesha. Lakini kukata sauti silabi kwa silabi, kuandika tafsiri chini ya kila mstari, kupanga kamusi yenye maneno elfu mbili, hizo si kazi za kidole gumba.

Hapa kuna jambo ambalo sisi wa isimu tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa, nalo ni kibodi. Mtu anaiacha mashine nzuri kwa sababu imetoka Uingereza au Ujerumani na herufi zake si za AZERTY. Lakini zile alama zilizochorwa juu ya vibonye ni rangi tu. Kinachoamua herufi gani itoke ni programu iliyo ndani. Unaiambia mashine kuwa wewe ni mtu wa AZERTY, unabandika vibandiko, umemaliza. Tena, kwa kazi yetu, AZERTY na QWERTY zote ni maskini sawa: hakuna iliyochorewa ɛ, ɔ wala ŋ, na hakuna inayoweka toni ya juu juu ya ɔ. Mwenye kuandika Kilingala au Kiluba kwa toni zake atahitaji Keyman au mpangilio wa namna hiyo kwenye kibodi yoyote ile. Basi tusikatae chuma imara kwa ajili ya rangi.

Neno la mwisho ni juu ya nyumba yenyewe. Kompyuta ikiingia nyumbani kwetu, haiwi ya mtu mmoja. Mdogo ataandikia kazi zake za shule, baba ataandikia barua zake, kwaya italeta nyimbo zake, na picha za harusi ya dada zitakaa humo. Vizuri, ndivyo inavyopaswa. Lakini katikati ya filamu na nyimbo kuna ile saa moja ya bibi akisimulia kwa Kisanga au Kibemba jinsi walivyokuwa wakiposa zamani. Saa moja ya sauti safi ya WAV, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 na njia moja, ni kama MB 318. Masaa kumi ni kama GB 3. Kwenye mashine ya GB 64 iliyokwisha kujaa, mtu akitafuta nafasi ya filamu, faili kubwa lisilojulikana jina ndilo la kwanza kufutwa. Filamu inapatikana tena, bibi hapatikani tena. Kwa hiyo mpe kila mtu wa nyumba akaunti yake, na katika zile dola 200 usizimalize zote kwenye mashine: bakiza za kununulia diski ndogo ya nje, ukae nayo mahali pengine. Mashine ya dola 170 yenye nakala pembeni ni bora kuliko ya dola 200 iliyo peke yake.

Nakiomba kitivo kitu kimoja, kisicho cha gharama kubwa. Mwanzoni mwa mwaka, tupewe ukumbi mmoja wenye umeme kwa mchana mmoja. Wale wanaotaka kununua waje na namba za mashine walizoziona, tuzisome pamoja. Walio na mashine waje nazo, na programu zile nne zipite kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, ili asiwepo mtu wa kumaliza kifurushi chake cha intaneti kwa kuzipakua. Wahadhiri watuonyeshe mpangilio mmoja wa kibodi ambao kitivo kizima kitautumia. Baada ya hapo, atakayeleta kazi yenye moto, moto, moto asimsingizie tena mchapaji.