Sihiri si Daftari la Duka

Atungaye sheria za sihiri hutunga sheria za neno. Hilo ndilo wanalolisahau wengi miongoni mwa watungaji wa ile michezo ya mezani ambamo kila mchezaji hujivika mhusika, mmoja wao husimulia ulimwengu, na dadu huamua lililo tata.

Wapo wasemao kwamba kosa ni kuiwekea sihiri sheria. Ati ajabu ikishatiwa kanuni si ajabu tena. Hoja hiyo malenga hawezi kuipokea. Mizani na vina havijapata kuua shairi. Tena mchezo ni wa watu kadhaa: wasipojua sihiri yaweza nini na yagharimu nini, mwenye kelele kuliko wenziwe ndiye atakayeshinda. Basi sheria naitaka. Ninayoipinga ni sheria ya muuza duka.

Tazama Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974. Sihiri yake iliazimwa kwa Jack Vance, katika kitabu chake The Dying Earth cha mwaka 1950. Humo mchawi huhifadhi moyoni manuizo machache tu, na akishayatamka humtoka. Lakini dunia ya Vance imechakaa, jua lake lakaribia kuzimika, na manuizo ya kale yaliyozidi elfu yamebaki mia na kitu. Kusahau huko ni maombolezo. Mchezo ulichukua kusahau ukaacha msiba: mchawi hulala, huamka, hudurusu kitabu chake, na kilichopotea kimerudi. Maombolezo yakawa posho ya siku.

Toleo la mwaka 2014 la mchezo huo lataka, kwa tufe la moto, neno, ishara ya mkono, na kidonge cha kinyesi cha popo na salfa. Kinyesi hicho hutoa shura, na shura na salfa ni mali ya baruti. Mna utani humo, na mna maana. Lakini kanuni zizo hizo zaruhusu mfuko wa vifaa ushike mahali pa kidonge, na neno lenyewe haliandikwi popote. Mchezaji hutaja jina la sihiri, hufuta nafasi moja katika karatasi yake, hutupa dadu nane. Ameuza, ameandika, amefunga daftari. Mchawi asiyekuwa na la kusema ana tofauti gani na mpiga bunduki?

Njia nyingine ipo, na si ngeni. Mwaka 1987 Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen walitoa Ars Magica. Sihiri ya humo ni vitenzi vitano na nomino kumi za Kilatini: kuumba, kutambua, kugeuza, kuangamiza, kutawala, kisha moto, maji, mwili, akili, na kadhalika. Creo Ignem, naumba moto. Jozi hamsini hupatikana, na mchezaji aweza kuunda papo hapo sihiri asiyofundishwa, ingawa itakuwa dhaifu kuliko ile aliyojifunza. Anayenyamaza hupungukiwa na nguvu. Mchezo huo nao una hesabu, tena nyingi. Lakini hesabu zake zinaitumikia sarufi.

Wala hilo si jambo la kushangaza kwa mfasiri. Kifaransa huita kitabu cha sihiri grimoire, na neno hilo limetokana na lile linaloitwa sarufi. Kiingereza nacho hutumia neno moja, spell, kwa manuizo na kwa kutaja herufi za neno. Lugha za watungaji wenyewe zawaonya, nao hawasikii.

Nasema haya kwa ajili ya vijana wa mwambao watakaotunga michezo yao. Lugha yao ina kago, fingo, zinguo na talasimu, na kila moja lina kazi yake. Kuyapanga maneno hayo katika safu, ubavuni mwa kila moja tarakimu, ni kuyafisha. Mtungaji na ajiulize kwanza: anenaye ni nani, ananena kwa idhini ya nani, na akishanena atapoteza nini ambacho usingizi hautamrudishia? Akipata majibu, ndipo atafute dadu.