MAONYESHO YA VYAKULA: TWENDE TUKIULIZA



Kila mwaka Nairobi huwa na maonyesho makubwa pale Jamhuri Park. Chama cha kilimo kinachoyaandaa ni cha zamani: kilianza mwaka 1901, mwaka ule ule reli ilipofika Kisumu. Wengi wetu huenda na watoto, tukaonja maziwa na maji ya matunda ya bure, kisha tukarudi nyumbani. Mimi nasema hiyo haitoshi. Mfanya kazi aende akiwa na maswali matatu.

La kwanza ni juu ya chakula chenyewe. Wenye viwanda watakuonyesha unga mweupe sana. Ni mweupe kwa sababu kiini na ganda la mahindi vimeondolewa, na pumba zikauzwa kuwa chakula cha ng'ombe. Tangu mwaka 2012 sheria yataka unga wa pakiti utiwe vitamini A, chuma na zinki. Basi geuza pakiti usome. Tena uliza mahindi yalipimwaje sumu ya kuvu, yaani aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika nchi yetu, wengi wao Ukambani. Sisi wa reli twajua gunia lililonyeshewa huwaje. Kuuliza si ujinga, na Katiba ya 2010, fungu la 46, yampa mnunuzi haki ya kujua.

La pili ni juu ya mashini. Mwaka jana niliona moja inapima unga, inajaza pakiti na kuifunga, na mtu mmoja tu amesimama kando. Mwenye kuiuza alihesabu mbele yetu faida ya tajiri. Nilipouliza habari za wale waliokuwa wakijaza kwa mikono, alicheka, akamgeukia mtu mwingine. Mimi sikatai mashini. Injini za mvuke ziliondoka katika reli, na kazi ya mtia moto ikaondoka nazo. Lakini Sheria ya Kazi ya 2007, fungu la 40, yasema chama kipewe taarifa mwezi mmoja kabla ya watu kupunguzwa, na kila mtu alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Yafaa chama kiseme mashini ikingali kwenye maonyesho, si baada ya kufungwa kiwandani.

La tatu ni juu ya vibarua. Fungu la 37 lasema kibarua akifanya kazi mfululizo, siku zake zikafika mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Muulize anayekupa kikombe cha kuonja ameandikwa kwa siku au kwa mwezi, na tangu lini.

Wako watakaosema, "Hayo ni ya chama cha wenzetu wa vyakula, si ya reli." Si kweli. Unga huo twala sisi. Tena tajiri mmoja akiona mwenzake anapata kazi rahisi kwa vibarua wa miaka mitano, kesho naye atafanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo naomba kila tawi lichague watu wawili waende kwenye maonyesho yajayo, waandike majibu, wayasome mkutanoni, na nakala wapelekewe ndugu zetu wa viwanda vya vyakula. Tusirudi na vikombe vitupu tu.