Kabla ya Kutoa, Tuulize

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Vyama vya wanafunzi katika vyuo vikuu vyetu vimeutia maanani usemi huu. Makatoni huwekwa mabwenini, nguo na sabuni zikakusanywa, basi la chuo likaombwa, na safari ya kuelekea makao ya watoto ikafungwa. Hili ni jambo la kupongezwa. Mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa elimu ya juu na bado akatoa shilingi mia moja hawezi kulaumiwa kwa uchoyo. Hata hivyo, yafaa tujiulize: je, tunatoa kile anachokihitaji mtoto, au kile tusichokihitaji sisi?

Mara nyingi katoni hujazwa na yale yaliyozidi kabatini. Suruali ya mtu mzima humfikia mtoto wa miaka minane. Aidha, zawadi nyingi hupelekwa Desemba, ilhali dhiki huanza Januari shule zifunguliwapo. Karo ya shule za msingi za umma iliondolewa mwaka wa 2003, na kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo. Lakini sare na viatu vingali mzigo wa mzazi. Vilevile, sheria ya mwaka wa 2017 iliipa serikali jukumu la kuwapa wasichana sodo shuleni. Ila mwalimu ndiye ajuaye iwapo zimefika.

Isitoshe, si kila mtoto mhitaji anaishi katika makao. Wengi wanalelewa na nyanya au shangazi karibu na vyuo vyetu. Serikali ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017, na mkakati wake wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarejesha watoto katika familia. Mchango unaopitia makao pekee humpita mtoto wa nyanya huyo. Sare moja kwake yaweza kuwa sababu ya kubaki nyumbani na kuendelea na masomo.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa ziada. Matangazo yetu huwaita "watoto wasiojiweza". Tukichanganue kikanushi "-si-" katika neno hilo: hakikanushi mali, bali kinakanusha uwezo. Alichokosa mtoto ni daftari, wala si uwezo. Picha nazo husema zaidi ya maneno. Nani miongoni mwetu angependa picha yake akipokea pakiti ya unga ibaki hadharani hadi siku atakapojiunga na chuo hiki?

Watakuwapo watakaodai kwamba mpewa hachagui. Lakini watoto hawa hawakuja kuomba. Sisi ndio tuliobisha hodi kwao. Mgeni mwenye adabu huuliza hali kabla ya kufungua mzigo wake.

Napendekeza basi kwamba, kabla ya katoni la kwanza kuwekwa, maafisa wa chama wamwendee msimamizi wa makao na mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani. Waulize kinachohitajika, kwa idadi na kwa vipimo. Mchango ufanywe mapema ili sare ziwe tayari Januari, na sehemu yake iwafikie watoto wanaoishi na jamaa zao kupitia kwa walimu wao, bila kutangazwa gwarideni. Nyuso za watoto zisipigwe picha.

Huenda basi likarudi bila picha ya kubandika kwenye ubao wa matangazo. Si hoja. Mtoto ataingia darasani akiwa na viatu vinavyomtosha, na wenzake hawatajua vilikotoka.