Kontroli boksi ya gari lako ni ya nani?

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi. Sikuwa mgonjwa wala sikusafiri. Nilikuwa na kichwa chini ya boneti ya gari la mjomba wangu, tochi mdomoni. Leo nawaletea niliyojifunza huko, pamoja na lalamiko langu.

Mjomba hubeba mboga kutoka Limuru hadi Nairobi kwa gari dogo la Kijapani. Siku moja aliosha injini kwa maji ya presha, na kesho yake gari likagoma. Fundi alifungua kontroli boksi, yaani tarakilishi inayoendesha injini, akakuta kutu ya kijani imetapakaa kwenye bodi. "Mzee, hii imekwisha." Mjomba akanunua nyingine iliyotumika, barabara ya Kirinyaga, kwa shilingi 18,000. Gari la aina moja, namba ya spea ile ile. Ilipofungwa, stata ilizungusha vizuri lakini injini ikakataa katakata kuwaka.

Hapo ndipo nilipopigiwa simu. "Mpwa wangu, si wewe umesomea kompyuta?"

Basi nikasoma. Kazi ya boksi hilo inastaajabisha. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni mara 50 kila sekunde. Kwa muda huo mfupi boksi husoma vihisi vya hewa, joto na mzunguko, hutazama majedwali yaliyo kwenye kumbukumbu yake, kisha huamua petroli ipulizwe kiasi gani na plagi zitoe cheche lini. Lakini katika magari mengi kuna kazi nyingine: kuutambua ufunguo. Ndani ya ufunguo mna chipu yenye namba yake. Boksi lisipoitambua namba hiyo, injini haiwaki.

Sasa mnaona tatizo. Boksi tulilonunua lilikuwa zima kabisa. Lilikuwa linamsubiri mwenyewe, mtu wa Japani ambaye gari lake lilishakatwa vipande zamani.

Tuliuliza kwa wakala. Jibu: agizeni boksi jipya, mlete gari lipangiwe ufunguo, na bei yake ilikaribia nusu ya thamani ya gari. Mjomba alicheka kicheko cha mtu mwenye deni. Siku zote hizo mboga zilikuwa zikibebwa kwa gari la kukodi.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja wa kutengeneza redio na simu. Alitoa chipu ya kumbukumbu kutoka bodi iliyooza, kidude cha miguu 8 kisichozidi punje ya mahindi, akakilehemu kwenye bodi nyingine. Nusu saa tu. Gari likawaka kwa ufunguo ule ule wa zamani.

Wapo watakaosema huo ni ujanja wa wezi. Mimi nasema ni kama kuhamisha diski kutoka laptopu iliyovunjika kwenda nyingine. Faili ni zako, wala hakuna anayekuuliza. Kwa nini data ya gari ulilolipia iwe siri ya mtu mwingine?

Hoja ya wizi ina uzito, sikatai. Kufuli hizi zimewasumbua wezi kweli. Lakini kufuli nzuri humfungulia mwenye nyumba. Marekani upo utaratibu ambapo fundi aliyesajiliwa na kuchunguzwa hupewa namba za usalama baada ya kuthibitisha nani mwenye gari. Huko huko, wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliunga mkono mwaka 2012 haki ya mafundi huru kununua taarifa na vifaa vya matengenezo vinavyotumiwa na wakala. Hapa kwetu kila gari lina logbuku. Kwa nini isitoshe?

Wengine watasema kwamba watu wakifunguliwa programu wataichezea na kuchafua hewa. Wapo watakaofanya hivyo. Ila mkumbuke Volkswagen, mwaka 2015: programu iliyotambua kwamba gari linapimwa moshi, ikajifanya safi, katika magari yapatayo milioni 11 duniani. Hiyo haikuandikwa na fundi wa jua kali. Iliwekwa na kampuni yenyewe, ndani ya msimbo ambao wenye magari hawakuruhusiwa kuusoma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayeuza gari auze na njia ya kulitengeneza.

Kabla hilo halijatimia, shikeni matatu. Msioshe injini kwa presha. Mkiambiwa boksi limekufa, ombeni kwanza fyuzi, nyaya na soketi zikaguliwe. Na likiwa limekufa kweli, msitupe lile la zamani! Ufunguo wenu unaishi humo.

Mjomba amerudi barabarani. Kanilipa kwa gunia la kabeji. Wenzangu ofisini wamezichoka tayari.