Dominica, Kisiwa cha Mvua na Ziwa Lichemkalo

Juma hili safari yetu ni ya Karibi, katika kisiwa cha Dominica. Tusikichanganye na Jamhuri ya Dominika, iliyo nchi nyingine kabisa. Kosa hilo hufanywa hata na waliosoma.

Kisiwa hiki kiko baina ya Guadeloupe na Martinique. Ni kidogo, kilomita za mraba 750 hivi, na ardhi tambarare ni adimu, kwani milima huanzia karibu na ufuo ikapanda hadi Morne Diablotins wenye mita 1,447. Pepo za mashariki huleta mawingu, nayo yakigonga milima humwaga mvua tele, ilhali pwani ya magharibi, uliko mji mkuu wa Roseau, hupata kidogo. Kwenye maporomoko ya Trafalgar maji huanguka kwa mikondo miwili. Wenyeji huuita mmoja Baba na wa pili Mama.

Ajabu kubwa zaidi ni ziwa lichemkalo. Upana wake ni mita 60 hivi, na maji yake ya kijivu hutokota mfano wa chungu kilichosahauliwa mekoni, kwa joto la volkano lililo chini yake. Kulifikia kwa miguu ni mwendo wa saa tatu hivi, kupanda na kushuka, na kurudi ni vivyo hivyo.

Usiku wa tarehe 18 Septemba 2017, Kimbunga Maria cha daraja la 5, la juu kabisa, kilikipiga kisiwa. Waziri Mkuu Roosevelt Skerrit mwenyewe aling'olewa paa la nyumba, akatoa habari hizo dhoruba ikiwa ingali yavuma. Kulipokucha, milima ya kijani ilikuwa ya hudhurungi. Majani yote yamepukutika. Migomba ililala chini, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo iliyokuwa chakula na fedha ya matumizi. Watu wapatao 65 walikufa au hawakuonekana tena.

Misitu ilichipua upya upesi kuliko nyumba. Sisserou, kasuku aliyechorwa kwenye bendera yao na asiyepatikana kwingineko duniani, alionekana tena milimani, ingawa kwa uchache. Msimu wa vimbunga huanza Juni hadi Novemba, kila mwaka.