FUNGUO KWAO, FAINI KWETU



Tumeletewa karatasi za mshahara za wenzetu wa Lodwar na Kakuma wanaofanya kazi ya kupokea simu kwa kompyuta. Tumezisoma moja moja. Katika nyingi umo mstari uleule: makato kwa ajili ya "sauti mbaya". Wengine wamekatwa kwa "simu zisizopokelewa". Dada mmoja wa Kakuma amekatwa bei ya hedseti, na hedseti yenyewe haina hata mkwaruzo. Tuliichomeka katika kompyuta nyingine, tukasikilizana naye bila taabu.

Basi hii sauti mbaya ni kosa la nani? Tajiri anasema ni letu. Ati hatutunzi vyombo, twavuta waya, twaacha vumbi liingie. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na kwetu Turkana jua la kusingiziwa halikosekani. Sisi twasema kosa limo katika namna mtambo ulivyopangwa, na aliyeupanga si karani wa simu. Tutaeleza, tena kwa urefu, kwa kuwa wenzetu wengi wametia sahihi karatasi za kukiri kosa wasilolifahamu.

Ile kompyuta iliyo mbele yako, ndugu, siyo unayoifanyia kazi. Ni dirisha tu. Kompyuta ya kweli, ambayo mafundi huiita desktopu pepe, imo ndani ya sava iliyo Nairobi au ng'ambo, na kinachokufikia wewe ni picha yake. Ukibonyeza kitufe, habari husafiri mpaka huko, kisha picha hurudi. Kwa maandishi hilo si neno. Herufi ikichelewa kidogo, hufa mtu? Lakini sauti haingoji. Hedseti ya USB hutuma sauti kwa vipande vidogo sana, kila moja ya elfu ya sekunde kipande chake, na kipande kikipotea hakitumwi tena. Utaratibu huo ulitungwa kwa waya wa juu ya meza, usiozidi mita tano. Sasa mafundi wa tajiri wameichukua hiyo USB nzima nzima, wakaipitisha katika intaneti kutoka Kakuma mpaka kwenye sava. Vipande vingine huchelewa, vingine hupotea njiani. Mteja humsikia mwenzetu kama mtu anayezungumza ndani ya pipa la maji, naye hukasirika na kukata simu. Mwisho wa mwezi makato huandikwa kwa jina la aliyevaa hedseti.

Tena kuna safari yenyewe. Shirika la simu la dunia, ITU, limeshauri kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ikiwa watu wanataka kuzungumza vizuri. Tuseme mteja yuko Kisumu, karani yuko Kakuma, na sava iko Ulaya. Neno la mteja huvuka bahari kwanza, ndipo lirudi Kakuma. Na jibu hufanya safari ileile. Ikiwa ofisi yatumia setilaiti ya mtindo wa zamani, ile ya kilomita 35,786 juu angani, kupanda na kushuka tu kwala karibu robo ya sekunde. Karani hata angekaa wima namna gani, hawezi kuupunguza umbali huo.

Dawa ipo, na mafundi wanaijua. USB isipitishwe mbichi. Ipitishwe sauti peke yake, katika njia ya sauti ya desktopu hiyo, ikiwa imekwisha kubanwa. Iliyo bora zaidi ni kuiachia programu ya simu ishughulikie sauti katika kompyuta ya hapa hapa, sauti iende moja kwa moja kwa mteja bila kuzungukia kwenye sava. Mipango hii huwekwa na msimamizi wa mtambo, na nywila anayo yeye. Sisi tumefungiwa hata kuchagua maikrofoni.

Lakini lililotuudhi kuliko yote ni hili la "simu zisizopokelewa". Katika ofisi moja ya Lodwar walibadilisha mpango, sauti ikawa nzuri, tukashukuru. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa mpango ule mpya kile kitufe cha kupokelea kilicho juu ya hedseti hakifanyi kazi tena, kwa maana njia ya sauti huchukua sauti tu, vitufe haivichukui. Wenzetu walibonyeza na kubonyeza. Simu ikalia mpaka ikanyamaza. Mtambo ukaandika: amekataa kazi. Kijana mmoja alipewa barua ya onyo mara mbili kwa kosa la kubonyeza kitufe alichofundishwa kubonyeza!

Na umeme ukikatika kidogo, kama ufanyavyo, desktopu hukatika nayo. Ukirudi, hedseti mara nyingi haionekani mpaka utoke kabisa na kuingia upya. Dakika hizo nazo zahesabiwa uvivu. (Huko ng'ambo ya ziwa, Loiyangalani, upepo wazalisha megawati 310, na waya wake wa zaidi ya kilomita 400 waelekea Suswa. Lakini hayo ni mengine.)

Tusifiche: yako yaliyo juu yetu. Chomeka hedseti kabla ya kuingia katika desktopu. Ichomeke katika kompyuta yenyewe, si katika kigawanyo kisicho na umeme wake. Kwanza jirekodi katika kompyuta ya hapa. Ukijisikia vizuri hapo, lakini kwenye desktopu ya mbali sauti ni mbovu, basi umekwisha kupata ushahidi: hedseti ni nzima, njia ndiyo mbovu. Andika saa na dakika, umwite msimamizi aone kwa macho yake.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. La makusudi, ndugu! Nani amekusudia milisekunde? Kifungu cha 20 chataka makato yaonyeshwe katika karatasi ya mshahara. Wengine wameambiwa wao si waajiriwa bali ni "wakandarasi", na wanaokaa kambini wametishwa kwamba mkimbizi hana pa kulalamika. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 yampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi. Na mkandarasi gani huyu apangiwaye saa ya kuingia, saa ya kwenda chooni, na kufungiwa maikrofoni?

Twataka makato yote ya sauti na ya hedseti yarudishwe, barua za onyo zifutwe, na kila mpango wa mtambo unapobadilishwa wafanya kazi waelezwe kabla ya zamu kuanza. Tajiri akikataa, twaenda kwa Afisa wa Kazi.

Kila aliyekatwa alete karatasi zake za mshahara, pamoja na saa alizoandika, kwa katibu wa tawi lake kabla ya mwisho wa mwezi. Wa Kakuma wasihangaike na nauli ya kilomita 120 kuja Lodwar. Katibu atawafuata huko huko.