Kriketi ya Waafrika Ina Kwao

Tarehe 14 Juni 2025, katika uwanja wa Lord's jijini London, Afrika Kusini iliishinda Australia na kutwaa ubingwa wa dunia wa Testi, yaani mechi za kriketi za siku tano. Nahodha alikuwa Temba Bavuma, Mwafrika mweusi wa kwanza kuiongoza timu hiyo katika Testi. Mrushaji Kagiso Rabada aliangusha wiketi 9 katika mechi nzima, na Lungi Ngidi alikuwa pamoja naye. Hao watatu ndio Waafrika weusi waliokuwamo miongoni mwa wachezaji 11. Bavuma alizaliwa Langa, Cape Town, akamalizia masomo Johannesburg. Rabada ni mtoto wa Johannesburg, na Ngidi ni wa Durban. Ushindi ule ulistahili kila shangwe uliyoipata. Hata hivyo, hakuna hata mmoja kati yao aliyekulia Rasi ya Mashariki, mkoa ambao Waafrika wake wamekuwa wakicheza kriketi kwa zaidi ya miaka 150, na jambo hilo halikupaswa kupita kimya.

Tangu Afrika Kusini irejeshwe katika kriketi ya kimataifa mwaka 1991, wakuu wa mchezo huo wamewazungumzia wachezaji weusi kana kwamba ni wageni wanaokaribishwa sebuleni. Maneno yao ni maendeleo na mageuzi: mchezo upelekwe vitongojini, Mwafrika afundishwe kuupenda. Naamini ugonjwa huu ulipimwa vibaya tangu mwanzo. Rasi ya Mashariki haikuhitaji kupelekewa kriketi, kwa sababu ilikuwa nayo. Ilichonyang'anywa ni ardhi, shule na viwanja, na tiba isiyorudisha vitu hivyo itaendelea kutoa nyota mmoja mmoja kwa bahati, huku mkoa wenyewe ukibaki kama ulivyo.

Historia inaonyesha wazi. Katika karne ya 19 shule za wamisionari kama Lovedale, karibu na mji wa Alice, na Healdtown iliyofunguliwa mwaka 1855, ziliwafundisha vijana wa Kixhosa Kiingereza, Biblia na kriketi kwa pamoja. Wamisionari walitaka mchezo huo uwafanye vijana wawe na tabia za Kiingereza. Vijana waliuchukua wakaufanya wao. Wahitimu wa shule hizo, wakiwa walimu, makarani na wachungaji wa makanisa, walianzisha klabu katika miji ya Port Elizabeth, Grahamstown na King William's Town, na kufikia miaka ya 1880 walikuwa wakiandaa mashindano baina ya mji na mji. John Tengo Jabavu alipoanzisha gazeti la Imvo Zabantsundu mjini King William's Town mwaka 1884, habari za kriketi zilichapishwa katika kurasa zilezile zilizobeba hoja za haki ya Waafrika kupiga kura. Kwa tabaka lile la wasomi mambo hayo mawili yalikwenda pamoja: anayecheza kwa kanuni moja na mzungu, kwa nini asihesabiwe raia pamoja naye?

Jibu la watawala lilikuja upesi. Mwaka 1892 Bunge la Koloni la Rasi lilipandisha kiwango cha mali alichotakiwa mtu kuwa nacho ili apige kura, na Waafrika wengi wakaondolewa katika daftari. Mwaka 1894 ikaja Sheria ya Glen Grey, iliyotungwa kwa ajili ya wilaya ya Rasi ya Mashariki yenyewe, ikabana umiliki wa ardhi na kuwasukuma wanaume kwenda kutafuta kazi za ujira. Mwaka huohuo wa 1894, Krom Hendricks wa Cape Town, mmoja wa warushaji wenye kasi kubwa kupita wote katika koloni lile, aliachwa nje ya timu iliyokwenda Uingereza kwa sababu ya rangi yake. Sheria ya Ardhi ya 1913 ikafuata. Kisha mwaka 1953 utawala wa makaburu ulipitisha Sheria ya Elimu ya Kibantu, na shule za wamisionari, ambazo kwa karibu miaka 100 zilikuwa chemchemi ya kriketi ya Waafrika, zikaingizwa chini ya serikali iliyotaka mtoto mweusi afundishwe kidogo tu. Anayeshangaa kwa nini kulikuwa na Waafrika wachache katika kriketi ya juu mwaka 1991 aanzie hapo, asianzie kwenye utamaduni wala kwenye mapenzi ya soka.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mchezo haukufa. Katika vijiji vya kuzunguka Alice na King William's Town (mji ambao leo unaitwa Qonce) kriketi iliendelea kuchezwa kwenye malisho ya ng'ombe. Wakati wa Krismasi, wanaume waliporudi kutoka migodini na viwandani, kijiji kilipambana na kijiji katika mashindano yanayojulikana kwa jina la Amacal'egusha, jina linalotokana na nyama ya kondoo. Hakuna shirikisho lililoyaagiza mashindano hayo, na hakuna kampuni iliyoweka jina lake kifuani mwa wachezaji. Mchezo unaoweza kuishi hivyo kwa vizazi, bila uwanja wa maana na bila fedha, haustahili kuitwa mradi wa maendeleo.

Sasa tutazame mavuno. Makhaya Ntini alizaliwa mwaka 1977 katika kijiji cha Mdingi, karibu na King William's Town, akachunga ng'ombe utotoni, akaonwa na mpango wa kukuza vipaji, akapelekwa Dale College. Mwaka 1998 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini katika Testi. Alicheza Testi 101 na kuangusha wiketi 390. Mwaka 2003 aliangusha wiketi 10 katika mechi moja pale Lord's, na mwaka 2005 akaangusha 13 kwa mikimbio 132 huko Port of Spain dhidi ya West Indies. Mfuneko Ngam, aliyetoka Middledrift katika eneo hilohilo, aliingia Testi mwaka 2000. Monde Zondeki, naye wa King William's Town na Dale College, akaingia mwaka 2003. Katika muda wa miaka mitano, kipande kidogo cha nchi kilitoa warushaji watatu wa kasi wa kiwango cha dunia.

Lakini wote watatu ni warushaji, na mtu yeyote anayejali suala hili anapaswa kujiuliza kwa nini. Mrushaji wa kasi anaweza kuanza na mwili wenye nguvu, mpira na mahali pa kukimbilia. Mpigaji hawezi. Anahitaji eneo la kupigia lililosawazishwa, ambalo mpira hauruki ovyo usoni, pamoja na gongo, kinga za miguu, nyavu za mazoezi na mwalimu wa kumrekebisha kila wiki kwa miaka. Rasi ya Mashariki haijatoa mpigaji Mwafrika mweusi aliyedumu katika kikosi cha Testi, na sababu inaonekana kwenye nyasi za viwanja vyake. Hata warushaji hawakusalimika. Ngam alicheza Testi 3 tu; mifupa yake ilivunjika mara kwa mara kwa msongo wa kurusha, na wengi walihusisha udhaifu huo na lishe duni ya utotoni. Baadaye alirudi kuwafundisha vijana katika Chuo Kikuu cha Fort Hare, pale Alice.

Tena, mkoa huohuo umetoa vipaji vya jamii nyingine bila shida. Testi ya kwanza kuchezwa katika ardhi ya Afrika Kusini ilifanyika St George's Park, Port Elizabeth, mwaka 1889. Ndugu Peter na Graeme Pollock walitoka Grey High ya mji huo, na wastani wa Graeme katika Testi, mikimbio 60.97, ni miongoni mwa mikubwa kabisa katika historia ya mchezo. Mark Boucher alitoka East London, Tony Greig alitoka Queenstown. Tofauti kati yao na watoto wa Mdingi haikuwa damu wala hamu. Ilikuwa shule yenye uwanja.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii imepitwa na wakati, kwa kuwa Bavuma, Rabada na Ngidi wameonyesha njia nyingine: mchukue mtoto mwenye kipaji, mpeleke shule bora ya kulipia, matokeo yataonekana. Matokeo yameonekana kweli, wala sipendekezi mlango huo ufungwe. Ila njia hiyo ina kipimo chake. Inategemea nafasi chache za ufadhili au mzazi mwenye uwezo, na inamhitaji mtoto aonwe mapema na mtu anayejua anachokitafuta. Kwa kila mmoja anayechukuliwa, wenzake wanaobaki hawapati hata mshindani wa kuwanoa, maana aliyekuwa bora wao ameondoka. Mkoa unakamuliwa, haukuzwi.

Wengine watasema kwamba malengo ya rangi yanatosha. Tangu mwaka 2016 timu ya taifa imekuwa na lengo la kuwa na, kwa wastani wa msimu, wachezaji 6 wasio wazungu, wakiwamo Waafrika weusi wasiopungua 2. Nayatetea malengo hayo, kwa sababu bila shinikizo historia iliyosimuliwa hapo juu isingejirekebisha yenyewe. Lakini lengo huhesabu vichwa siku ya mechi. Haliulizi wachezaji walitoka wapi, na kocha anaweza kulitimiza mwaka hadi mwaka kwa wahitimu wa shule tatu au nne za miji mikubwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba umaskini wa vijijini ni kazi ya serikali, si ya chama cha mchezo. Upo ukweli hapo: shirikisho la kriketi haliwezi kugawa ardhi wala kulisha watoto wa mkoa mzima. Lakini yapo maamuzi ambayo ni ya kriketi yenyewe. Mfumo wa ligi ya ndani ulipopangwa upya mwaka 2021, Border, timu ya eneo la Ntini, Ngam na Zondeki, iliwekwa daraja la pili. Kwa vigezo vya fedha na uendeshaji huenda uamuzi ule ulieleweka, lakini kwa nchi inayosema inatafuta wachezaji weusi ulikuwa kosa kubwa, kwa sababu kijana wa Alice anayetaka kupambana na walio bora analazimika kuhama kwao. Nayo timu ya kulipwa ya Sunrisers Eastern Cape, iliyotwaa ubingwa wa ligi ya SA20 mwaka 2023 na 2024, imethibitisha kupitia mashabiki wake wa St George's Park kwamba watu wa mkoa wanaupenda mchezo. Wachezaji wake, hata hivyo, hununuliwa mnadani kutoka kila pembe ya dunia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki habari hii si ya mbali. Mwaka 1958, wakati wachezaji wasio wazungu wa Afrika Kusini walipofungiwa mlango kwao, timu yao ikiongozwa na Basil D'Oliveira ilikuja kucheza Kenya. Kenya yenyewe ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, kisha mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Wachezaji wake walitoka karibu wote katika klabu chache za Nairobi, na klabu hizo zilipoyumba hapakuwa na mahali pengine pa kuchota. Afrika Kusini inapo mahali hapo, na bado inapapita.

Mwaka 2027 Kombe la Dunia litachezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, na viwanja vya St George's Park na Buffalo Park wa East London vimo katika orodha. Fedha zitamiminika kwenye majukwaa na taa. Waandaaji watenge sehemu ya fedha hizo kwa viwanja vya kudumu, vyenye nyavu na walimu wanaolipwa, katika vijiji vya Alice, Middledrift na Qonce, na Border irudishwe mahali inapoweza kushindana na walio bora. Buffalo Park na Mdingi vimo katika eneo lilelile la Border.